Jay Inslee na Safari Ndefu ya Kuitoza Bei Hewa Ukaa

Tarehe 5 Novemba 2024, siku ileile Wamarekani walipomrudisha Donald Trump madarakani, wapiga kura wa jimbo la Washington (lile la kaskazini magharibi lenye jiji la Seattle, si mji mkuu wa nchi) waliulizwa pia kama wanataka kuifuta sheria ya jimbo lao inayowalipisha wachafuzi wakubwa wa hewa. Karibu asilimia 62 walikataa kuifuta. Matokeo hayo yamenifikirisha sana, kwa sababu ni wapiga kura wa jimbo hilohilo waliokataa mara mbili, mwaka 2016 na mwaka 2018, mapendekezo ya kuitoza bei hewa ukaa, yaani kumlipisha anayeitoa, na mara zote mbili walikataa kwa tofauti isiyoacha shaka. Kati ya kuikataa bei hiyo na kuitetea kulikuwa na miaka mingi ya kazi ya kisiasa, na mtu aliyesimama katikati ya kazi hiyo ni Jay Inslee, Mdemokrati aliyekuwa gavana wa jimbo hilo kuanzia Januari 2013 hadi Januari 2025. Hakuifanya peke yake, na baadhi ya hatua zake nitazilaumu hapa chini, lakini sidhani kama yupo mwanasiasa wa Marekani wa kizazi chake aliyelishikilia suala la tabianchi kwa muda mrefu kiasi hicho na akaishia kuwa na sheria iliyosimama.

Alizaliwa Seattle mwaka 1951. Baba yake alikuwa mwalimu wa baiolojia, na wazazi wake walikuwa wakiwapeleka wanafunzi mlimani Rainier wakati wa likizo kupanda upya majani na maua ya mbuga za juu zilizokuwa zimekanyagwa na watalii. Alipohitimu sheria alihamia Selah, mji mdogo katika bonde la Yakima, eneo la wakulima wa matufaha lenye siasa za kihafidhina, na kilichomwingiza katika siasa ni kudai fedha za kujenga shule mpya ya sekondari. Kutoka hapo akaingia bunge la jimbo, na katika uchaguzi wa mwaka 1992 akashinda kiti katika Baraza la Wawakilishi mjini Washington, D.C.

Mwaka 1994 Inslee aliunga mkono marufuku ya bunduki za kivita huku akijua kwamba anawakilisha wilaya ya mashambani ambako watu wengi wana silaha na hawataki serikali iziguse. Kura hiyo ilichangia kumwangusha mwaka huohuo, akiwa amehudumu kipindi kimoja tu. Alihamia kisiwa cha Bainbridge, ng'ambo ya maji kutoka Seattle, akajaribu ugavana mwaka 1996 akashindwa katika mchujo wa chama, kisha akarudi bungeni kupitia uchaguzi wa 1998 kutoka wilaya nyingine. Naitaja kura ya 1994 kwa sababu inaonyesha kwamba suala la tabianchi halikuwa la kwanza kumfanya aweke kiti chake rehani.

Katika miaka ya 2000 alianza kudai mpango wa taifa zima wa nishati safi, akiufananisha na mpango wa Apollo uliowafikisha Wamarekani mwezini, na mwaka 2007 alishiriki kuandika kitabu kizima juu ya hoja hiyo. Mwaka 2009 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada mkubwa wa tabianchi kwa kura 219 dhidi ya 212, naye akiwa miongoni mwa waliousukuma, lakini muswada ukafia katika Seneti bila hata kupigiwa kura. Mwaka 2012 alijiuzulu ubunge ili kugombea ugavana, akamshinda Rob McKenna wa chama cha Republican.

Ili kuelewa kwa nini ugavana wake ulikuwa mgumu, ni lazima kwanza kuelewa jimbo lenyewe. Sehemu kubwa ya umeme wa Washington hutoka kwenye mabwawa ya mto Columbia, likiwemo Grand Coulee, na kwa hiyo umeme si chanzo kikuu cha hewa chafu huko kama ulivyo katika majimbo yanayochoma makaa ya mawe. Chanzo kikuu ni uchukuzi: magari, malori, ndege na meli. Mwanasiasa anayetaka kupunguza hewa ukaa katika jimbo hilo hana njia ya kulikwepa suala la mafuta, na bei ya mafuta imeandikwa kwa tarakimu kubwa kwenye kila kituo barabarani, ambako kila mpiga kura anaisoma akiwa anaendesha.

Tena alianza kazi akiwa hana bunge. Wademokrati wawili katika Seneti ya jimbo walikuwa wamejiunga na Warepublican na kuwapa udhibiti wa chombo hicho. Desemba 2014 Inslee alipendekeza wachafuzi wakubwa walipe, na jimbo lipate takribani dola bilioni 1 kwa mwaka kwa ajili ya shule na barabara, lakini pendekezo hilo halikufika popote. Akajaribu kupitia mamlaka ya utawala: mwaka 2016 Idara ya Ekolojia ya jimbo ilitoa kanuni ya kupunguza hewa chafu, mahakama ikaizuia mwaka uliofuata, na Januari 2020 Mahakama Kuu ya jimbo ikaamua kwamba inaweza kuwabana wanaotoa moshi moja kwa moja, kama mitambo na viwanda, lakini si kampuni zinazouza mafuta yanayochomwa na wengine. Kwa jimbo ambalo shida yake kubwa ni mafuta ya magari, uamuzi huo ulikuwa pigo zito.

Wananchi nao walijaribu. Mwaka 2016 ilikuja hoja ya wananchi (pendekezo la sheria linalopigiwa kura na umma), Hoja namba 732, iliyotaka kodi ya dola 25 kwa kila tani ya hewa ukaa, na fedha zote zirudishwe kwa kupunguza kodi nyingine. Wanaharakati wa mazingira waligawanyika, kwa kuwa hoja hiyo haikutenga chochote kwa miradi ya nishati safi wala kwa jamii zinazoumizwa zaidi na uchafuzi. Inslee mwenyewe hakuiunga mkono. Iliangushwa kwa karibu asilimia 59. Mwaka 2018 ilikuja Hoja namba 1631, safari hii ikianzia dola 15 kwa tani na kuongezeka dola 2 kila mwaka, fedha zikienda kwenye nishati safi, misitu na maji, na gavana akaipigania waziwazi. Kampuni za mafuta zilimwaga zaidi ya dola milioni 30 kuipinga, BP peke yake ikitoa zaidi ya milioni 10, na matangazo yao yalisisitiza mambo mawili: kwamba familia zitalipa, na kwamba baadhi ya wachafuzi wamesamehewa. Ikaanguka tena.

Katikati ya kushindwa huko kulitokea jambo ambalo halikupata vichwa vya habari duniani. Novemba 2017 ulifanyika uchaguzi mdogo katika wilaya moja ya vitongoji mashariki mwa Seattle, Wademokrati wakashinda kiti hicho kimoja, na Seneti ya jimbo ikabadilika mikono. Mwaka 2019 sheria ilipita inayotaka umeme wa makaa ya mawe uondolewe katika jimbo ifikapo mwisho wa mwaka 2025 na umeme wote uwe safi ifikapo mwaka 2045. Kwa maoni yangu kiti kile kimoja cha vitongojini kilifanya kazi kuliko hotuba zote ambazo Inslee alikuwa ametoa katika miaka mitano iliyotangulia, na wanaharakati wanaodharau chaguzi ndogo wangefaa kuirejea habari hii.

Ndipo akagombea urais. Tarehe 1 Machi 2019, katika kampuni ya umeme wa jua mjini Seattle, alitangaza kwamba tabianchi ndiyo itakuwa ajenda yake ya kwanza na msingi wa nyingine zote. Hakuna mgombea mzito wa chama kikubwa aliyewahi kuijenga kampeni yake ya urais juu ya suala hilo moja namna ile. Aliiomba kamati kuu ya chama chake iandae mdahalo mmoja wa tabianchi pekee. Kamati ilikataa, na ikaonya kwamba atakayeshiriki mdahalo wa namna hiyo ulioandaliwa na wengine hatakaribishwa kwenye midahalo rasmi. Alibaki akigombania sekunde chache jukwaani.

Mdahalo wa Detroit, tarehe 31 Julai 2019, unaonyesha vizuri alivyokuwa. Joe Biden alikuwa ameeleza mpango wake wa tabianchi kwa sauti ya mtu anayetafuta maelewano ya pande zote. Inslee alipopewa nafasi alimwambia ana kwa ana kwamba suluhisho za katikati kama hizo hazitatuokoa, kwamba muda umekwisha, na kwamba makaa ya mawe lazima yaachwe ndani ya miaka kumi. Hakupandisha sauti kwa ajili ya kupigiwa makofi. Alizungumza kama mwanasheria anayemkumbusha shahidi tarehe. Hata hivyo, uchunguzi wa maoni ulimpa asilimia moja au chini ya hapo. Alifikisha wachangiaji 130,000 waliotakiwa ili kuingia mdahalo uliofuata, lakini hakufikisha asilimia 2 katika idadi ya chunguzi zilizohitajika, na tarehe 21 Agosti akajitoa. Siku iliyofuata alitangaza kuwania muhula wa tatu wa ugavana.

Wapo wanaoihesabu kampeni ile kama kushindwa, na mimi sikubaliani nao. Timu yake ilikuwa imeandika mipango sita yenye jumla ya kurasa zaidi ya 200, ikieleza mambo ambayo wagombea wengine waliyagusa kwa aya moja: ni lini kila mtambo wa makaa ufungwe, viwango gani viwekwe kwa magari mapya, fedha zitoke wapi, wafanyakazi wa migodini walindwe vipi. Aliruhusu wazi mtu yeyote aichukue. Elizabeth Warren, mgombea mwenzake, aliichukua wiki mbili baadaye. Waliokuwa wasaidizi wake walianzisha shirika la Evergreen Action ili kuendelea kuisukuma, na mpango ambao Biden aliutangaza Julai 2020 ulikuwa na lengo la umeme usiotoa hewa ukaa ifikapo mwaka 2035, mwaka uleule uliokuwa katika mpango wa Inslee. Mgombea ambaye hakufikisha asilimia mbili aliyasogeza mawazo ya chama chake mbali kuliko wengi waliomzidi kwa kura.

Kuna doa moja la kipindi hicho ambalo haliwezi kuachwa. Kwa miaka kadhaa Inslee alikuwa ameunga mkono kiwanda cha methanoli kilichopangwa kujengwa Kalama na mtambo wa gesi ya kimiminika mjini Tacoma, miradi yote miwili ikitegemea gesi asilia, huku watu wa kabila la Puyallup wakiupinga mtambo wa Tacoma kwa nguvu. Aliondoa uungaji mkono wake Mei 2019, akiwa tayari ni mgombea urais. Uamuzi ulikuwa sahihi, lakini ulikuja umechelewa, na waliokuwa wakipinga tangu mwanzo walikuwa na haki ya kuuliza kwa nini hoja zao hazikusikika kabla ya kampeni.

Mwaka 2020 moto uliyafanya mambo yaonekane. Tarehe 7 Septemba upepo mkali uliupeleka moto wa nyika hadi Malden, mji mdogo mashariki mwa jimbo, na takribani asilimia 80 ya majengo yakateketea kwa muda mfupi, yakiwemo ya zimamoto na posta. Inslee alifika akatembea kati ya mabaki, na akawa akiuita moto wa aina hiyo kwa jina la tabianchi badala ya kuuita moto wa nyika tu. Tangazo la maafa kutoka serikali kuu, ambalo lingefungua msaada, halikutiwa saini na Trump kwa miezi kadhaa. Lilitiwa saini na Biden Februari 2021. Watu wa Malden hawakuwa wapiga kura wa Inslee kwa wingi, na inaniuma kwamba walisubiri kiasi kile huku wanasiasa wakigombana juu ya vichwa vyao.

Sheria aliyoitafuta kwa miaka yote hiyo ilipitishwa na bunge la jimbo mwaka 2021, seneta Reuven Carlyle akiwa mbeba muswada. Utaratibu wake si kodi. Jimbo huweka kikomo cha jumla cha hewa chafu kinachoshuka kila mwaka, na kila kampuni kubwa, zikiwemo zile zinazouza mafuta, inatakiwa kuwa na kibali kwa kila tani. Vibali vingi huuzwa kwa mnada mara nne kwa mwaka, na kwa kuwa idadi yake inapungua, anayechelewa kupunguza moshi wake hujikuta akishindania kitu kinachoadimika. Mnada wa kwanza ulifanyika tarehe 28 Februari 2023 na kibali kimoja kikauzwa kwa dola 48.50, bei iliyo juu sana ya ile ya soko la California wakati huo. BP, iliyokuwa imetumia mamilioni kuiangusha hoja ya 2018, safari hii iliunga mkono. Wengine walilichukulia hilo kama ushahidi kwamba sheria ni laini. Mimi naona kampuni ilipiga hesabu kwamba bei ya hewa ukaa inakuja kwa njia moja au nyingine, na ikapendelea soko lenye kanuni zinazotabirika.

Siku ya kuisaini sheria, Mei 2021, Inslee alitumia mamlaka ya gavana kukifuta kifungu kilichoyapa makabila ya wenyeji wa asili haki ya kuridhia miradi itakayogusa ardhi na maeneo yao matakatifu. Viongozi wa makabila, akiwemo Fawn Sharp wa Taifa la Quinault, waliona wamesalitiwa, kwa kuwa walikuwa wameiunga mkono sheria wakiamini kifungu hicho kitabaki. Nasema bila kumung'unya maneno kwamba hili ni kosa kubwa zaidi la ugavana wake katika suala hili. Mwaka uliofuata bunge lilirekebisha sehemu ya jambo hilo kwa kuweka utaratibu wa mashauriano, na baadaye makabila yakaanza kupokea mamilioni ya dola kutokana na minada, zikiwemo fedha za kusaidia kukihamisha kijiji cha Taholah, ambacho bahari inakitishia, kwenda sehemu ya juu. Lakini haki ya kuridhia na haki ya kushauriwa ni vitu viwili tofauti.

Kosa la pili lilikuwa la maneno. Kabla ya minada kuanza, gavana aliwahakikishia wananchi kwamba athari kwenye bei ya petroli itakuwa senti chache tu. Katika majira ya joto ya 2023 galoni moja ilifika takribani dola 5 na kwa muda jimbo likawa na petroli ghali kuliko majimbo yote ya Marekani. Serikali ilizilaumu kampuni za mafuta kwa kujitafutia faida, kampuni zikailaumu sheria, na mwenye gari akalipa. Angewaambia watu mapema kwamba bei itapanda na kwa nini, kisha awaonyeshe fedha zinakokwenda, asingempa mpinzani wake silaha. Mpinzani huyo alikuwa Brian Heywood, mwekezaji tajiri aliyegharamia ukusanyaji wa saini za kuipeleka sheria kwenye kura ya 2024.

Kwa nini basi ilisalimika? Nadhani kufikia hapo fedha zilikuwa na sura. Vijana wa miaka 18 na chini ya hapo walikuwa wakipanda mabasi bure katika sehemu kubwa ya jimbo, na minada ilichangia kugharamia huduma hiyo. Familia za kipato cha chini na cha kati zilipunguziwa dola 200 kwenye bili ya umeme mnamo Septemba 2024, hatua ambayo wapinzani waliilalamikia kwa kuwa kura ilikuwa wiki chache mbele. Shule zilikuwa zikinunua mabasi ya umeme, na mpango wa barabara na vivuko ulitegemea mapato hayo kiasi kwamba kuifuta sheria kungeacha shimo katika bajeti ambalo kila mbunge angeulizwa atalizibaje. Mwaka 2018 wapiga kura waliombwa kuamini ahadi. Mwaka 2024 waliombwa kukubali kunyang'anywa kitu.

Hata hivyo siku ileile waliipitisha, kwa tofauti ndogo, hoja nyingine iliyolenga kuizuia serikali kuwasukuma watu waache gesi asilia majumbani. Ni walewale walioilinda sheria ya hewa ukaa. Ninavyosoma, wako tayari mchafuzi mkubwa alipe, lakini hawako tayari kuingiliwa jikoni.

Inslee aliondoka madarakani Januari 2025 bila kuwania muhula wa nne, na Bob Ferguson amerithi sheria pamoja na deni lake. Sheria za jimbo zinataka hewa chafu ifikapo mwaka 2030 iwe imepungua kwa asilimia 45 chini ya kiwango cha mwaka 1990, na asilimia 95 ifikapo 2050. Mwaka 2024 bunge lilifungua njia ya kuliunganisha soko la vibali la Washington na lile la California na Québec, jambo linaloweza kutuliza bei na pia, likisimamiwa vibaya, kuwaruhusu wachafuzi wa Washington kununua nafuu kwingine badala ya kupunguza moshi wao wenyewe. Mimi ningependa kuona gavana mpya akichapisha baada ya kila mnada orodha ya wazi, kijiji kwa kijiji na shule kwa shule, ya mahali fedha zilikokwenda, na akilirudisha mezani suala la makabila kuridhia miradi kabla muungano huo haujakamilika.